Betri Inauzwa kwa Kilo, Sumu Unabaki Nayo Bure

Ukishuka stage ya Kachibora hukosi kuona fundi wa simu, na jamaa wa skrap na mizani yake. Betri ya gari imekufa? Leta. Ya sola? Leta. Bodi za simu na TV? Zote zina bei.

Na si ujinga, doh iko. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya risasi, na risasi ikiyeyushwa inatengeneza betri nyingine. Bodi ya simu nayo ina shaba, fedha na dhahabu kidogo. Ukikusanya tani nzima ya simu mbovu, unaweza kupata dhahabu mob kuliko kwa tani ya mawe ya mgodi.

Noma ni vile tunaitoa. Msee anavunja betri na shoka, asidi inamwagika chini. Bodi zinachomwa nyuma ya duka, moshi unaingia kwa nyumba ya jirani.

Kama unadhani ni stori za kutishana, uliza Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa huko 2007, karibu kabisa na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapo, na mtoto wake mchanga akapatikana na risasi kwa damu. Akaanza kupiga kelele, akashikwa na polisi, lakini hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014. Kortini, wakaazi walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020. Mwaka wa 2023 Korti ya Rufaa ikaitupa, hadi Korti ya Juu ilipoirudisha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa na miaka 17.

Hiyo ndiyo hesabu ya hii biz. Risasi inapanda lori inaenda, faida inaenda nayo. Sumu haipandi lori. Inabaki kwa mchanga, na risasi haiozi. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa damu ya mtoto, inaharibu ubongo. Na sisi Trans Nzoia mchanga ndio kazi yetu, ndio unatupea mahindi.

Sheria ya taka ya 2022 inasema kampuni inayoleta bidhaa sokoni iwajibike hata ikishakuwa taka. Poa, lakini WEEE Centre, wanaochukua taka za elektroniki, wako Nairobi. Nani atalipa fare ya betri moja kutoka Kachibora? Kaunti inafaa kuweka mahali pa kukusanya hapa hapa, na bei iwe poa kwa betri isiyovunjwa. Bila bei, shoka itashinda sheria kila siku.

Kwa sasa, mbogi, uza betri ikiwa nzima. Usichome bodi. Na ukitoka job, badilisha nguo kabla ya kubeba mtoto.