Moto wa Keroka Hauulizi Mpaka

Keroka ni mji wa kaunti mbili: upande mmoja Kisii, upande wa pili Nyamira, na nani akusanye ushuru wa soko ni ugomvi wa muda mrefu. Moto ukishika vibanda vya soko hilo, hautangoja ugomvi uishe.

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na majanga. Ikitajwa kazi hiyo, wengi wetu huwaza gari la zimamoto, na kweli gari ni la lazima. Ila Gusii, eneo la kaunti hizi mbili, ni milima na mabonde, na mvua ikinyesha njia za vijijini ni utelezi mtupu. Kabla gari halijafika, aliye karibu na moto ni mlinzi wa usiku, mwalimu wa zamu, mama wa mboga na kijana wa bodaboda. Mabweni ya shule ya Itierio, Kisii, yalipoungua mwaka 2016, moto ulianza wanafunzi wakiwa papo hapo shuleni.

Watu hao wafunzwe kwa mikono. Mama ashike mtungi wa kuzimia moto, ang'oe pini, aelekeze mdomo wa mtungi kwenye kitako cha moto, abonyeze, apeleke huku na huku kama anayefagia. Ajue kwamba mafuta yakiwaka kwenye karai hayamwagiwi maji, hufunikwa. Na ajue mapema kuliko yote wakati wa kuacha na kukimbia.

Kijana wa bodaboda naye ajifunze kuzuia umati. Huko Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, mafuta yakashika moto, na zaidi ya 100 wakafa. Watu husikia upesi sauti ya mtu wanayemjua.

Watakaosema mafunzo bila vifaa ni porojo wana haki. Kwa hiyo mitungi na tangi la maji viwekwe sokoni, na mazoezi yarudiwe kila mwaka, kwani mkono usiozoezwa husahau.

Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja. Kisii na Nyamira zianzie Keroka: mkufunzi mmoja, nambari moja ya simu, zoezi moja siku ya soko. Ushuru zitaendelea kuugombania, lakini wachuuzi wa pande zote mbili wawe wanajua nani anazima umeme na nani anawatoa watoto.