Ahadi ya Bi. Ypsilanti na Kura za Watu wa Hessen

Katika nchi ya Ujerumani kila jimbo lina bunge lake na Waziri Mkuu wake, na ni nadra chama kimoja kupata viti vya kukitosha kutawala peke yake. Hivyo, baada ya uchaguzi vyama huketi na kujadiliana mpaka ipatikane serikali ya mseto. Utaratibu huo una faida zake, lakini una mtihani mmoja mkubwa: mwanasiasa huomba kura akiwa peke yake, kisha hutawala pamoja na wengine. Je, yale aliyoyaahidi alipokuwa peke yake yanamfunga? Wako wasemao kwamba hayamfungi, kwani siasa ni hesabu. Sisi twasema yanamfunga, na yaliyotokea katika jimbo la Hessen mwaka 2008 yanatosha kuwa ushahidi.

Waziri Mkuu wa jimbo hilo alikuwa Bwana Roland Koch wa chama cha CDU. Msomaji Mwislamu anayo sababu ya kumkumbuka. Mwaka 1999 alishinda baada ya chama chake kukusanya saini za kupinga uraia wa nchi mbili, jambo lililowagusa hasa Waturuki walioishi na kufanya kazi Ujerumani kwa miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka 2007 vijana wawili wa asili ya kigeni walimpiga mzee mmoja katika kituo cha treni ya chini ya ardhi mjini Munich. Mji huo haumo kabisa katika jimbo la Hessen, lakini Bwana Koch aliichukua habari hiyo na kuufanya uhalifu wa vijana wa kigeni kuwa ndiyo kampeni yake. Mabango ya chama chake yakawataka wananchi wawazuie Ypsilanti, Al-Wazir na Wakomunisti. Bi. Andrea Ypsilanti, kiongozi wa chama cha SPD, ni Mjerumani aliyepata jina hilo kwa mume Mgiriki. Bwana Tarek Al-Wazir wa chama cha Kijani ni mzaliwa wa Offenbach, humo humo Hessen, ila baba yake ni Myemeni. Kwa nini basi yakachaguliwa majina hayo badala ya majina ya vyama? Msomaji na ajijibu mwenyewe.

Watu wa Hessen walitoa hukumu yao tarehe 27 Januari 2008. CDU, iliyokuwa na asilimia 48.8 mwaka 2003, ikaporomoka hadi 36.8. SPD ikapanda kutoka 29.1 hadi 36.7. Vyama hivyo viwili vikapata viti 42 kila kimoja, FDP viti 11, Kijani viti 9, na chama cha Mrengo wa Kushoto, kilichovuka kwa shida kizuizi cha asilimia tano, viti 6. Jumla ni viti 110, na Waziri Mkuu huhitaji kura 56. SPD na Kijani kwa pamoja walikuwa na 51 tu. FDP haikutaka kujiunga nao. Ukabaki mlango mmoja, nao ndio ule ambao Bi. Ypsilanti alikuwa ameufunga kwa kinywa chake mwenyewe: kabla ya uchaguzi alirudia kusema kwamba hatashirikiana na Mrengo wa Kushoto, chama ambacho sehemu ya mizizi yake imo katika chama kilichotawala Ujerumani ya Mashariki.

Majuma machache baadaye akaanza kuufungua. Mwezi Machi mbunge wa chama chake, Bi. Dagmar Metzger, akatangaza kwamba yeye aliwapa wapiga kura neno lake na hatalivunja. Mpango ukaahirishwa, na Bwana Koch akabaki ofisini kama Waziri Mkuu wa muda.

Wanaomtetea Bi. Ypsilanti wana hoja ambayo si dhaifu. Wanasema wananchi walitaka Koch aondoke, na ahadi ndogo haifai kuzuia jambo kubwa. Lakini tazama: katika miezi hiyo hiyo SPD, Kijani na Mrengo wa Kushoto walipiga kura pamoja wakafuta ada za vyuo vikuu, na serikali ya muda ikalazimika kutii. Sheria njema iliweza kupitishwa kwa hoja moja moja, mbele ya watu wote, na hakuna aliyehitaji kukalia kiti alichoapa kutokukipata kwa njia hiyo.

Hakutosheka. Vuli ilipofika aliafikiana na Kijani, na mkutano wa chama chake ukaidhinisha. Tarehe 3 Novemba, siku moja kabla ya Bunge kupiga kura, Bi. Metzger na wenzake watatu wa SPD wakatangaza kwamba hawatamchagua. Kwa Bi. Metzger tuna heshima. Hao watatu walichelewa mno. Mmoja wao alishiriki hata katika mazungumzo ya mseto. Dhamiri isiyosema mpaka usiku wa mwisho huwadhuru wengi.

Bunge likavunjwa. Tarehe 18 Januari 2009 SPD ikaanguka hadi asilimia 23.7, na Bi. Ypsilanti akajiuzulu uongozi usiku ule ule. CDU ilipata 37.2, yaani karibu sawa na kipigo cha mwaka uliotangulia, lakini FDP ilipanda hadi 16.2, na Bwana Koch akatawala tena. Mtu aliyekataliwa na wapiga kura kwa sababu ya kampeni yake dhidi ya wageni alirudishwa na ahadi iliyovunjwa na mpinzani wake.

Bwana Al-Wazir aliwahi kuwacheka wanasiasa wenzake kwa neno la mzaha, akiiita tabia ya kumkataa kila mshirika kabla ya kura kuwa ni maradhi. Chama chake kilikwenda katika uchaguzi wa mwaka 2013 bila kuapa kwamba hakitaketi kamwe na CDU. Mwezi Januari 2014 akaapishwa kuwa Naibu Waziri Mkuu wa Hessen, katika serikali ya mseto na chama kile kile kilichoandika jina lake kwenye mabango.