Ndani ya gari la stima: Gita mlangoni ni poa, lakini skrini ikizima utampigia nani?

FUNGUA mlango wa mbele wa BYD Atto 3. Pale ambapo gari la kawaida lina mfuko wa plastiki wa kuwekea chupa ya maji, hapa kuna nyuzi tatu nyekundu zilizovutwa kama za gita. Zikwaruze kwa kidole, zitalia. Si mzaha, zinalia kweli.

Inua macho sasa. Matundu ya hewa yamechongwa kama vyuma vya gym. Mkono wa gia unafanana na ule rubani husukuma ndege ikipaa. Kishikio cha kufungulia mlango kimekaa juu ya spika ya duara, na katikati kuna skrini kubwa ambayo ukibonyeza kitufe kimoja inazunguka yenyewe, kutoka kulala hadi kusimama. BYD wenyewe wanasema wazo lote lilitoka gym na kwenye muziki.

Gari hili lilitoka Uchina 2022 kwa jina la Yuan Plus, na hapa Kenya likaletwa na CFAO Mobility 2024. Kwa wanaopenda takwimu: betri yake ni ya kilowati-saa 60, na kwa kipimo cha Ulaya linaenda kilomita 420 kabla ya kuchomeka tena. Lakini ukisikiliza wasee wakibonga kulihusu, betri haitajwi sana. Ubishi ni wa sura. Kuna wanaosema hatimaye tumepata gari la familia lenye ucheshi. Kuna wanaosema ni toi lililopewa namba za usajili.

Mimi pia nina maoni yangu kuhusu sura na nitayatoa hapa. Lakini kuna swali lingine linalonisumbua zaidi. Sisi vijana wa Nairobi hatutakuwa wa kwanza kukalia siti hizo. Wengi wetu tutakuwa wa pili au wa tatu. Je, hiyo dashibodi ilichorwa ikitufikiria?

Sura kwanza

Mkuu wa usanifu BYD ni Wolfgang Egger, Mjerumani aliyewahi kuchora magari ya Alfa Romeo na Audi. Ndani alishughulikia Michele Jauch-Paganetti, aliyetoka Mercedes-Benz. Kwa hivyo wale wanaosema eti Wachina walikopi tu, poleni. Waliwaajiri wenye kalamu.

Kwa nje Atto 3 ni gari tulivu. Lina utepe wa kung’aa mbele, taa za nyuma zimeunganishwa kwa mstari mmoja, na nguzo ya nyuma ya dirisha ina mikunjo kama magamba ya joka. Likipita Ngong Road hutageuza shingo. Kilichochekesha watu ni maandishi: yale ya kwanza yaliandikwa “Build Your Dreams” kwa herufi kubwa upande mzima wa nyuma. Mwaka wa 2024 wakayatoa na kubakisha BYD tu. Kwa maoni yangu hapo waliharibu. Mkenya hawezi kushtuliwa na maneno nyuma ya gari, sisi tumelelewa tukisoma migongo ya matatu tukiwa kwenye jam.

Ndani ndipo penye moto, na hapo mimi niko upande wa gita. Magari mengi ya stima siku hizi ni sebule tupu: ubao mweupe, skrini moja, kimya kama ofisi ya benki. Angalau hapa kuna mtu alicheka akichora. Malalamiko yangu ni vumbi tu. Atakayesafisha katikati ya zile nyuzi baada ya wiki moja ya vumbi la Kayole atahitaji mswaki na subira.

Nairobi ina shule mbili

Watu huongea kana kwamba usanifu wa ndani ya gari ni mambo ya Ulaya. Acheni hizo. Nairobi ina shule mbili za usanifu wa ndani, na zote zina wahitimu wengi kuliko chuo chochote.

Shule ya kwanza ni nganya. Skrini kila upande, taa za rangi kwenye dari, spika zinazokutingisha mbavu, siti zilizoshonwa majina. Serikali ilijaribu kuizima: sheria za Michuki za 2004 zikaleta mstari wa manjano na michoro ikafutwa, hadi Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu sanaa irudi 2014. Nganya inasema abiria ni mteja, na mteja mchanga anataka kufurahia safari. Gita la mlangoni lingekaa vizuri kabisa huko.

Shule ya pili ni Probox. Toyota iliitoa 2002 kwa ajili ya watu wa mauzo wa kampuni za Japani, wanaoshinda barabarani na kula ndani ya gari. Ndiyo maana dashibodi yake ina kimeza cha kuvuta cha kuwekea chakula au karatasi, na ilipofanyiwa marekebisho 2014 ikapata kishikilio kinachotosha pakiti ya maziwa ya lita moja. Hakuna urembo. Ni plastiki ngumu na vitufe vikubwa unavyoweza kubonyeza bila kutazama. Huku kwetu imebeba miraa, maziwa, mikate na abiria ambao hesabu yao tuwaachie polisi.

Ukitazama haraka, shule hizi ni maadui: moja ni mbwembwe, nyingine ni kazi. Lakini zina kitu kimoja sawa. Zote mbili fundi wa mtaa anaweza kuzifungua. Skrini ya nganya ikifa Jumanne, Jumatano fundi ameitoa na kuweka nyingine. Taa ni waya, spika ni waya, amplifaya ni waya. Kitufe cha Probox kikivunjika unashuka Kirinyaga Road na kurudi na kingine kilichotolewa kwenye gari lililokufa. Ndivyo gari linavyoishi miaka ishirini mikononi mwa watu wasio na pesa nyingi.

Hapo ndipo gari la stima linaponitia wasiwasi. Mbwembwe zake sina shida nazo. Nauliza kama mtu wetu anaweza kuzigusa.

Kila kitu nyuma ya kioo kimoja

Aliyeanzisha mtindo huu wa ubao mtupu ni Tesla, alipotoa Model 3 mwaka wa 2017 ikiwa na skrini moja katikati na karibu hakuna kitu kingine. Wengine wakafuata. Wanunuzi waliona ni usasa. Viwanda viliona kitu kingine pia: skrini moja ni rahisi kuunda kuliko vitufe thelathini, kila kimoja na waya wake.

Halafu watu wakaanza kupima. Mwaka wa 2022 jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, lilichukua magari mapya kadhaa na Volvo V70 kuukuu ya 2005. Dereva akaambiwa afanye kazi ndogo ndogo akiwa kwenye kilomita 110 kwa saa, kama kubadilisha stesheni ya redio na kuongeza joto. Kwenye Volvo ya vitufe alimaliza kwa sekunde 10, gari likiwa limesonga mita 306. Kwenye MG Marvel R, gari la stima, alichukua sekunde 44.9. Hapo gari lilikuwa limekula mita 1,372.

Sikumaliza chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Hiyo ni zaidi ya kilomita moja ya Thika Road, akili yako ikigawanywa kati ya barabara na kioo, huku mtu wa boda akiingia leni bila ishara.

Wenye viwanda wamesikia. Volkswagen wametangaza kwamba wanarejesha vitufe. Kuanzia 2026, Euro NCAP, wale wanaogawa nyota za usalama Ulaya, wanataka honi, waipa, indiketa, taa za dharura na kitufe cha kuita msaada viwe vitu vya kushika kwa mkono. Gari likikosa, linapoteza alama. Uchina nayo imeamua kwamba kuanzia Januari 1, 2027, magari mapya lazima yawe na vishikio vya milango vinavyofunguka hata stima ya gari ikikatika. Hiyo ilikuja baada ya ajali ambapo waokoaji walishindwa kufungua milango yenye vishikio vinavyojificha ndani ya bodi.

Atto 3 yenyewe si mbaya zaidi katika darasa hili. Vishikio vyake vya nje ni vya kawaida, unashika unavuta. Karibu na gia kumebaki vitufe kadhaa, kama cha sauti na cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Lakini ukitaka kubadilisha kiwango cha baridi unaingia kwenye skrini, au uliombe gari kwa mdomo. Na sidhani linaelewa Sheng.

Redio ya Kijapani ilishatuonya

Kama nyumbani kwenu mmewahi kununua gari la mtumba kutoka Japani, hii mnaijua. Gari linafika, unawasha redio, na kitu kinaongea Kijapani kikidai kadi ya ramani. FM nayo inaishia kwenye 90 au hapo karibu, kwa sababu Japani masafa yake huanza 76. Stesheni zako zote ziko huko juu. Mnaenda mjini, fundi anaweka kidude cha kupanua masafa au anang’oa redio nzima na kuweka ya Android. Saa mbili, kazi kwisha.

Sasa fikiria redio hiyo hiyo ndiyo pia inayoshika kiyoyozi, kamera ya nyuma, mipangilio ya kuchaji na lugha ya gari zima. Utaing’oa?

Hili si jambo la kufikirika. Nissan Leaf za mitumba zimekuwa Nairobi kwa miaka, na zile za Japani huja na skrini ya Kijapani. Atto 3 nazo ziko njiani, fanya hesabu. BYD walianza kuiuza Japani Januari 2023, usukani kulia kama hapa. Huko, gari jipya hupigwa ukaguzi mkubwa wa kwanza baada ya miaka mitatu, na wengi huuza wakati huo. Hiyo ni 2026. Sheria yetu inakataa gari lenye zaidi ya miaka minane, kwa hivyo lililosajiliwa 2023 linaweza kushuka Mombasa hadi 2030.

Najua jibu la watetezi, na lina ukweli. Gari la stima halina injekta, halina plagi, halina oili ya injini ya kubadilisha. Mambo mengi yanayotumaliza mifuko hayapo. Skrini nayo hupata masasisho kupitia intaneti, kasoro inarekebishwa ukiwa umelala. Ni kweli. Lakini hiyo ndiyo sababu mimi naangalia dashibodi. Injini ikiacha kusumbua, sehemu kubwa ya shida za kila siku itahamia ndani: skrini, swichi, vihisio, programu. Na masasisho hutumwa na kampuni kwa muda inaotaka yenyewe. Gari la miaka kumi lililovuka bahari mara mbili litakuwa namba ngapi kwenye foleni yao?

Na nani atakuwa ndani yake? Angalia marafiki zako. Ni dereva wa teksi ya app, anayekaa kwenye siti saa kumi na mbili kwa siku na kurudisha mkopo kila wiki. Kwake ile kabini ni ofisi. Skrini ikizima saa kumi na moja asubuhi, hana kiyoyozi wala kamera ya nyuma, na mkopo haujui kwamba skrini imezima. Fundi wake wa kila siku, aliyejifunza kazi kwa miaka Grogan, atasimama mlangoni akitazama tu, kwa sababu hana kompyuta ya kampuni ya kuongea na gari.

Basi tuulize nini

Siwaambii mkatae gari la stima. Nairobi ilishalizoea kupitia mabasi ya BasiGo, yaliyoanza 2022 na BYD K6 ya abiria 25, na mapafu yetu yanashukuru. Nasema tuache kubishana kuhusu gita na tuanze kuuliza maswali ya mwenye gari wa tatu.

Ukiingia yadi, au ukiwa unamsindikiza baba mdogo kununua, jaribu haya. Funga macho, ujaribu kuongeza baridi na kuondoa ukungu kwenye kioo. Ukishindwa ukiwa umesimama, barabarani itakuwa noma. Badilisha lugha ya skrini hapo hapo, usikubali “itafanyika baadaye”. Uliza bei ya skrini nzima, na kama inauzwa peke yake au lazima ije na nusu ya dashibodi. Uliza kama fundi wa nje anaweza kuiunganisha na gari, ama ni duka moja tu nchini. Na ufungue milango yote minne kwa mkono, ukiwa ndani, gari likiwa limezimwa.

Serikali nayo ina kazi. Kenya inakagua breki, taa na umri wa gari kabla halijaingia. Iweke pia swali la lugha na la programu: anayeleta gari la stima, jipya au mtumba, aonyeshe kwamba skrini yake inaweza kusomwa na kurekebishwa hapa. Tusipodai sasa, magari yakiwa bado machache, tutadai nini yakishajaa?

Nyuzi za gita mimi nazipenda, wasinitolee. Uzi ukikatika kuna fundi wa Gikomba atanifungia mwingine kwa mia mbili. Nataka skrini nayo ifunguke hivyo.