Kijana akiomba nauli ya kwenda kujenga nyumba ugenini

WAZAZI wenye watoto wanaosoma Marekani au Kanada wamezoea maombi ya ada, kodi ya chumba na nauli ya kurudi nyumbani likizo. Lipo ombi moja ambalo huwaduwaza: kijana anataka fedha aende nchi nyingine, labda Meksiko au Guatemala, akachanganye zege na kubeba matofali wiki nzima bila malipo. Anasema ni huduma ya Kikristo, wanawajengea watu wa kipato cha chini nyumba, na kila anayekwenda anajigharamia.

Wapo wazazi wanaocheka. Ukuta wa uani unamsubiri fundi tangu mwaka jana, na kijana huyohuyo hajawahi kushika mwiko. Wengine hufurahi kwamba mtoto bado anamkumbuka Mungu, wakatuma fedha bila kuuliza lolote. Wote hao wameharakisha kuamua. Zipo safari zinazomkomaza kijana na kuacha nyumba imara nyuma yake. Zipo pia zinazomrudisha na picha nyingi kwenye simu na fikra potofu kuhusu watu maskini. Mzazi anaweza kuzitofautisha mapema, akijua cha kuuliza.

Wazo lilikotoka

Huduma inayojulikana zaidi ya aina hii ni Habitat for Humanity, iliyoanzishwa mwaka 1976 huko Americus, mji mdogo wa jimbo la Georgia, Marekani. Waanzilishi wake ni mume na mke, Millard na Linda Fuller, na safari yao ilianzia kwenye ndoa iliyokuwa ikivunjika. Millard alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara aliyekuwa milionea kabla ya kufikisha miaka 30. Kazi ilimmeza, na mwaka 1965 Linda akaondoka nyumbani. Waliporudiana waliamua kuuza mali zao, kutoa fedha kwa wahitaji na kuanza maisha upya.

Walifika Koinonia, shamba la jumuiya ya Kikristo lililo karibu na Americus, lililoanzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan pamoja na wenzake. Hapo weusi na weupe walilima na kula meza moja, wakati ambapo sheria na desturi za kusini mwa Marekani ziliwatenga. Kwa sababu hiyo shamba lilipigwa risasi, likatupiwa mabomu, na wafanyabiashara wa eneo hilo wakakataa kuliuzia mahitaji.

Jordan na Fuller walibuni mpango wa kuwajengea majirani waliokuwa wakiishi kwenye vibanda. Nyumba ingekuwa ya kawaida na imara, ingeuzwa bila faida, na mwenye nyumba angelipa kidogo kidogo bila riba. Malipo yake yangeingia kwenye mfuko wa kujenga nyumba ya mwingine. Kwa Wakristo, suala la riba si geni: kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinakataza kumtoza maskini faida juu ya mkopo.

Mwaka 1973 familia ya Fuller, wazazi pamoja na watoto, ilihamia Mbandaka, mji ulio kando ya Mto Kongo, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Walikaa miaka mitatu wakishirikiana na kanisa la huko kujenga nyumba za matofali ya saruji kwa utaratibu uleule. Waliporudi Georgia ndipo wakaanzisha Habitat. Kwa hiyo, huduma inayowaleta vijana wa ng'ambo kujenga Afrika ilijaribiwa kwanza Afrika yenyewe, mikononi mwa mafundi na familia za Kikongo. Kenya nayo ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuipokea, mwaka 1982.

Jina la huduma hiyo lilivuma zaidi mwaka 1984, Rais mstaafu Jimmy Carter na mkewe Rosalynn walipokwenda New York kukarabati jengo la ghorofa sita kwa ajili ya familia 19. Waliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, Carter alianguka nyumbani, akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho, na bado akasafiri kwenda Nashville kujenga.

Nyumba ni ya nani?

Ndani ya historia hiyo limo jambo moja ambalo mzazi analihitaji. Nyumba haikutolewa bure na mgeni hakuwa mfadhili. Familia ililipia nyumba yake, na mara nyingi ilitoa pia mamia ya saa za jasho lake kwenye ujenzi wa nyumba hiyo au ya jirani. Mgeni aliyefika na glovu zake alikuwa saidia fundi kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Kwa Mswahili jambo hili halihitaji maelezo marefu. Anayejua msaragambo, harambee au umuganda wa Rwanda, unaofanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, anajua kwamba kazi ya pamoja ina heshima pale ambapo mwenye nyumba naye amekunja mikono ya shati. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Safari nzuri ya kujenga humpa mgeni jembe siku ya kwanza, na mwenyeji ndiye anayemwonyesha pa kulima.

Pakiwa na mwenyeji anayelipa, fundi anayeongoza na mgeni anayetumwa, kijana anajifunza unyenyekevu. Mambo hayo yakikosekana, anajifunza kwamba maskini ni watu wa kukaa wakisubiri wageni wenye fulana zinazofanana. Kijana wa Kiafrika hawezi kudhani kwamba hilo halimhusu. Akifika kijiji cha Guatemala na kikundi cha chuo cha Marekani, yeye naye ni tajiri aliyeshuka kwenye basi.

Hesabu ya Honduras

Oktoba 1998 kimbunga Mitch kiliipiga Amerika ya Kati na kuua maelfu ya watu. Honduras iliumia kuliko nchi nyingine zote. Vikundi vya makanisa ya Amerika Kaskazini vilimiminika kujenga nyumba. Baadaye Kurt Ver Beek, mwanasosholojia Mkristo wa Chuo cha Calvin aliyekuwa akiishi Honduras, alichunguza kazi hiyo. Aligundua kwamba kikundi cha wageni, ukijumlisha nauli na gharama nyingine za safari, kilitumia wastani wa dola 30,000 kwa nyumba ambayo shirika la wenyeji liliweza kuijenga kwa takriban dola 2,000. Familia zilizojengewa na wageni hazikuwa na maisha tofauti na zile zilizojengewa na wenyeji. Wageni nao, muda ulipopita, wengi wao hawakuonyesha mabadiliko makubwa katika utoaji wao wala maisha yao.

Hesabu hiyo haifuti thamani ya safari zote, ila inamsaidia mzazi kusema ukweli na mtoto wake. Kama shabaha pekee ni nyumba nyingi kwa watu wengi, fedha za nauli zitumwe moja kwa moja, zitajenga zaidi. Safari ina maana pale ambapo kijana anakwenda kujifunza na kujenga uhusiano utakaoendelea, na anakubali kwamba sehemu kubwa ya gharama ni ya elimu yake mwenyewe. Akilikubali hilo, atasafiri bila kujiona mkombozi.

Kabla ya kutuma fedha

Mzazi aombe kuzungumza na kiongozi wa safari, hata kwa simu ya video, na aulize mambo haya waziwazi:

Familia itakayoishi humo ilichaguliwaje, na nani alichagua? Jibu zuri linataja kamati ya wenyeji au kanisa la hapohapo, pamoja na vigezo vinavyoeleweka.

Familia inalipa nini, kwa muda gani, na hati ya kiwanja iko kwa jina la nani? Nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja chenye mgogoro inaweza kubomolewa mwaka unaofuata.

Fundi mkuu ni nani? Awe mtu wa hapo anayelipwa. Vijana wasio na ujuzi wanafaa kuchota mchanga, kuchanganya zege, kupitishiana ndoo, kufunga nondo chini ya uangalizi na kupaka rangi. Kona za ukuta, timazi na kenchi ni vya fundi. Kama wageni wamechukua nafasi ya vibarua waliokuwa wapate riziki hapo, safari hiyo imewaibia wenyeji.

Fedha zinagawanywaje? Kiongozi aonyeshe kiasi kinachokwenda kwenye nauli, chakula na malazi, na kiasi kinachobaki kwenye vifaa vya nyumba. Asiyeweza kueleza hesabu kabla ya safari hataieleza baadaye.

Nani ataitembelea familia mwaka ujao? Bati litavuja na mlango utalegea. Huduma ya kweli ina ofisi au kanisa linalobaki pale.

Usalama na karatasi

Eneo la ujenzi halina simile kwa mtu aliyesoma vitabu tu. Mzazi ahakikishe kijana ana chanjo ya pepopunda, viatu vigumu, kofia ngumu na glovu, na bima inayolipia matibabu ya nje pamoja na kumsafirisha akiumia vibaya. Kwa wenye umri chini ya miaka 18 tahadhari huongezeka. Marekani yenyewe, sheria ya kazi haiwaruhusu wafanyakazi wa umri huo kuezeka mapaa, kutumia misumeno ya umeme wala kuchimba mahandaki. Mzazi ana haki ya kudai tahadhari hiyohiyo popote mtoto wake anapopelekwa.

Kuna suala ambalo viongozi wa safari wenye pasipoti za Marekani husahau: mwanafunzi wa Kiafrika akivuka mpaka hatumii utaratibu wanaotumia wao. Kabla ya kununua tiketi aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake, aulize kama fomu yake ya I-20 imesainiwa kwa ajili ya safari, kama viza yake bado hai na inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na kama nchi anayokwenda inamtaka viza. Wiki moja ya kujenga isije ikamgharimu mwaka wa masomo.

Kwa kijana aliye nyumbani Tanzania, Kenya au Uganda tahadhari ni nyingine. Matapeli hutumia jina la kujitolea na jina la Mungu kuwavuta vijana ughaibuni. Mwaliko unaoahidi mshahara mnono kwa kazi ya kujitolea, unaotaka pasipoti ikabidhiwe kwa mtu mwingine, au unaokataza kijana kuwaeleza wazazi, usijibiwe. Mchungaji wa kanisa linalotajwa atafutwe kwa namba iliyopatikana kwingine, wala si ile iliyotumwa na mwalikaji.

Michango na picha

Vijana wengi huchangisha nauli kwa jamaa na marafiki, na kundi la familia huwa la kwanza kufikiwa. Hilo si baya, kwa masharti mawili. Kijana naye atoe jasho lake kabla ya kuomba la wengine: afanye kazi za saa chache, apunguze matumizi, aonyeshe alichoweka. Pia awaandikie wachangiaji ukweli kwamba wanamsaidia kwenda kujifunza, na arudi kuwapa taarifa ya fedha zao kama mweka hazina wa harusi anavyotakiwa kufanya.

Kuhusu picha, mzazi amwulize swali moja tu: je, angependa mgeni ampige picha mdogo wake akiwa hana viatu, kisha aisambaze duniani? Mtoto wa watu apigwe picha kwa ridhaa ya wazazi wake, au aachwe acheze.

Akirudi

Safari haiishii uwanja wa ndege. Baada ya siku chache, vumbi likishatoka kwenye viatu, mzazi akae na kijana amsikilize. Amwulize jina la baba au mama mwenye nyumba na kazi anayofanya. Amwulize familia ile italipa kiasi gani kila mwezi, fundi alimkosoa wapi, na ni neno gani la lugha ya pale bado analikumbuka.

Kijana anayeeleza habari za watu wale kama anayeeleza habari za majirani zake amepata alichokifuata, na nauli haikupotea. Anayejisimulia yeye tu asikaripiwe. Mzazi ampeleke Jumamosi inayofuata mahali jirani anapojenga, amkabidhi kwa fundi, amwache achote maji mpaka jioni.