Ukiona Ndege Amekufa Bondeni, Sema

Ndugu zangu wa Jangwani, Kariakoo na bonde zima la Msimbazi,

Maji yakipwa pale mto wetu unapoingia baharini, karibu na Daraja la Selander, tope hujaa shakwe, buabua na vitwitwi. Wengine wamekuja kutoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi. Kunguru na yangeyange hushuka papo hapo, kisha hurudi kwetu kuchakura taka kando ya matenga ya kuku.

Ndiyo maana yaliyotokea Uganda yanatuhusu. Januari 2017, buabua walikutwa wamekufa kwa wingi Lutembe, ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Sampuli zilipopimwa, yakathibitika mafua makali ya ndege, virusi vya H5N8. Ndege wa kufugwa nao waliugua.

Ili kupima, mtaalamu hupitisha kijiti chenye pamba kooni na kwenye tundu la haja la ndege, akakihifadhi kwenye baridi hadi kifike maabara ya mifugo, kama ile ya Temeke. Huko virusi hutambuliwa hata vikiwa vichache. Lakini hakuna mashine inayopima mzoga uliosombwa na maji. Kipimo huanza na jicho la mtu: mvuvi, mzoa taka, mchuuzi, mtoto achezaye mpira bondeni.

Basi tukubaliane. Tukikuta ndege wamekufa, tusiwashike kwa mikono, tusiwatupe mtoni, tusiwaachie mbwa na paka. Tukumbuke mahali na saa, tumwambie mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa siku hiyo hiyo, ili afisa mifugo aitwe.

Nanyi wauza kuku, kuku wakifa ghafla msiseme "ni mdondo tu" mkaharakisha kuuza waliobaki. Kwa macho, mdondo na mafua ya ndege hufanana. Maabara ndiyo hutenganisha. Najua mnachoogopa: kufungiwa biashara, kukimbiwa na wateja. Kwa hiyo sisi wengine tuahidi kutomtenga anayesema mapema, kwa sababu ameokoa banda la jirani yake.

Viongozi wa mitaa, ombi langu kwenu ni dogo: namba ya simu ya afisa mifugo ibandikwe sokoni, vijiweni na kwenye kila ofisi ya mtaa. Ndege wageni huanza kuwasili Agosti. Namba hiyo iwe ukutani kabla hawajatua.

Mkazi mwenzenu, Jangwani