Wasimsingizie Mwenyezi Mungu

Kuna watu ambao wakisikia maskini amekufa kwa njaa, hutikisa kichwa na kusema, "Ni kadari." Kisha huingia ndani wakala. Neno lenyewe ni la kweli, lakini vinywani mwao limekuwa kisingizio. Ewe msomaji, natuutazame mwaka 1847 katika nchi ya Ayalandi, upate kuona kisingizio hicho kiliwafikisha watu wapi.

Watu wapatao milioni tatu wa nchi ile walikuwa wakiishi kwa mbatata tu. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa ukungu, mbatata zikaoza ardhini. Mwaka 1846 yakaangamia karibu mavuno yote. Hapa twakubali: ukungu ule haukupandwa na mtu. Ama yaliyofuata ni kazi ya mikono ya watu.

Ayalandi ilikuwa imeunganishwa na Uingereza tangu 1801, ikihukumiwa kutoka London, mji mkuu wa dola iliyokuwa tajiri kupita zote. Huku watu wanakufa, nafaka, siagi na ng'ombe ziliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza, kwani serikali haikutaka kuingilia biashara. Hata mahindi ya Marekani yalipofika kwa wingi mwaka 1847, wenye njaa hawakuwa na pesa za kuyanunua.

Atakayesema serikali haikuwa na uwezo, hasemi kweli. Julai 1847 watu wapatao milioni tatu walikuwa wakipewa supu kila siku. Uwezo ulionekana kwa macho! Lakini kabla ya mwaka kwisha, majiko yale yakafungwa, na maskini wakaachiwa kodi za nchi yao iliyokwisha kufilisika. Tena ikatungwa sheria kuwa mwenye kukalia zaidi ya robo eka hapewi msaada mpaka aiache. Basi mtu achague: shamba lake au tumbo la mwanawe. Wengi waliacha mashamba, na nyumba zao zikabomolewa.

Na fedha je? Kwa njaa yote ile Hazina ilitoa kama pauni milioni 8, na sehemu yake ilikuwa mkopo. Ilhali miaka michache nyuma ilikuwa imetoa pauni milioni 20 kuwafidia wenye kumiliki watumwa. Si watumwa waliofidiwa, bali mabwana zao!

Charles Trevelyan, aliyesimamia misaada hiyo katika Hazina, aliandika mwaka 1848 kuwa balaa lile ni hekima ya Mungu ya kuitengeneza nchi ile. Twauliza: ni Mungu aliyefunga majiko? Ni Mungu aliyeandika sheria ya robo eka? Watu wapatao milioni moja walikufa katika miaka ile, na wengine zaidi ya milioni wakaihama nchi yao.

Mwaka 1847 Sultani Abdulmajid wa Istanbul alitoa pauni 1,000. Watu wa kabila la Choctaw wa Marekani, waliokuwa wamefukuzwa katika ardhi yao miaka ya 1830, nao walichanga kidogo walichokuwa nacho. Hawa hawakukaa kujadili kadari. Walitia mkono mfukoni.

Na Nabii Yusuf (A.S.) alipojua kuwa miaka ya ukame inakuja, hakuwaambia watu wasubiri. Aliweka nafaka ghalani, kisha akaigawa kwa kipimo.

Ndugu zangu, kadari ni ya kumtuliza mtu kwa msiba uliompata yeye mwenyewe. Haikuwekwa ili tumpe jirani badala ya chakula. Mwenye duka afichaye magunia akingoja bei ipande, na tajiri ashibaye huku mlango wa pili hakujapikwa, nao watasema ni kadari. Njaa huenda ikawa mtihani wa mwenye njaa. Lakini mtihani mkubwa zaidi ni wa yule mwenye chakula.