Gesi ina mita, dampo je?

Tumepewa kazi ya kukadiria gesijoto za Dar kutoka kwenye gesi asilia na dampo, na nina la kusema.

Gesi ni mteremko. Tangu 2004 gesi ya Songo Songo inakuja kwa bomba hadi Ubungo, hapo chini tu ya Mlimani, na inauzwa kwa mita. Ukijua iliyochomwa, hewa ukaa unaipata. Inayovuja njiani ndiyo haimo kwenye bili.

Kasheshe ni Pugu Kinyamwezi. Maganda na viporo vyetu vikifukiwa pasipo hewa vinaoza na kutoa metheni, ambayo kwa miaka 20 inanasa joto mara 80 hivi kuliko hewa ukaa. Hesabu yake? Unazidisha idadi ya watu kwa kilo za kudhania za kila siku, halafu viwango vya mwongozo wa IPCC wa 2006. Nilipobadilisha kilo 0.6 kuwa 0.8, jibu likapanda theluthi nzima! Dampo lenyewe wala halikutikisika. Na taka tunazochoma uani au zinazosombwa na mvua hazifiki Pugu kabisa.

Jamani, tunatangazaje kupunguza asilimia kadhaa wakati hatujui tunaanzia ngapi? Kila lori lipimwe, taka zichambuliwe kwa mikono. Kazi chafu, lakini haihitaji setilaiti. Nimemwambia mwalimu niko tayari kujitolea. Rumeti wangu kashasema siku hiyo nalala nje.